Makali Si Ubora: Jinsi ya Kuipima Tumbako ya Kiko

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Maneno haya ya wazee ni ya kweli kwa bidhaa nyingi, lakini kwa tumbako yataka uangalifu, maana tumbako mbaya nayo hujua kujiuza. Harufu yake huweza kutengenezwa kwa sukari na vanila, uzito wake huweza kuongezwa kwa maji, na makali yake huweza kuzidishwa kwa magadi. Mnunuzi asiye na maarifa hutoa fedha yake, akarudi nyumbani na unyevu, vikonyo na mchanga. Mkulima asiye na maarifa naye hupeleka kazi yake ya miezi mingi mbele ya mpimaji, akaambiwa kuwa ni daraja la chini, wala asiweze kujibu neno, kwa kuwa hajui mpimaji ameona nini katika jani lile.

Mjini Nairobi, mahali panapofaa kwa kujifunza jambo hili ni soko la Kariokor, karibu na mitaa ya Ziwani, Starehe na Pumwani. Jina lenyewe ni kumbukumbu ya vita. Katika Vita Kuu ya Kwanza, ya 1914 mpaka 1918, Waingereza waliandikisha wapagazi wengi mno, wengine kwa nguvu, wachukue vyakula na risasi za majeshi yao katika Afrika ya Mashariki. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na vinywa vya watu vikaligeuza jina hilo likawa Kariokor huku Nairobi, na Kariakoo kule Dar es Salaam. Maelfu ya wapagazi hao hawakurudi makwao. Siku hizi soko hilo lasifika kwa vyondo, viatu vya akala na nyama ya kuchoma, na humo pia tumbako huuzwa. Wako wanunuao ya kunusa, wako wanunuao ya kutafuna, na wako wazee wasioacha viko vyao. Matumizi ni mbalimbali, lakini jani ni lile lile, na njia za kulipima hazitofautiani sana.

ASILI YA JANI NA YA KIKO

Tumbako si mmea wa asili wa Afrika. Ilitoka Amerika, na watu wa Ulaya waliifahamu baada ya safari ya Christopher Columbus ya 1492. Kutoka huko ilienezwa na mabaharia na wafanya biashara, ikafika pwani yetu, kisha ikapanda bara pamoja na misafara. Lugha yenyewe yatoa ushahidi, kwa maana kikopo cha kutilia tumbako ya kunusa huitwa kwa Kiswahili tabakelo, na neno hilo ni la Wareno. Mwaka 1560 balozi wa Ufaransa huko Ureno, Jean Nicot, aliipeleka tumbako kwa watawala wake, na kwa jina lake wataalamu wakauita mmea huo Nicotiana, na sumu iliyomo ndani yake nikotini.

Aina zilimwazo zaidi ni mbili. Ya kwanza, Nicotiana tabacum, ina majani mapana, nayo ndiyo itumikayo katika sigara na katika tumbako nyingi za kiko. Ya pili, Nicotiana rustica, ni fupi, ina majani manene na maua ya rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani, na nikotini yake ni nyingi kuliko ya ile ya kwanza. Tofauti hii ni ya kukumbukwa, maana anayesifu tumbako kwa sababu imemlevya pengine hasifu kazi ya mkulima hata kidogo. Asifu aina ya mbegu tu.

Hata kiko kina asili yake na majina yake. Watu wa Pwani walikuwa na kiko cha maji, kilichotengenezwa kwa kifuu cha nazi au kibuyu. Bakuli la tumbako liliitwa bora, mrija ulioshusha moshi majini uliitwa digali, ule wa kuvutia kwa kinywa uliitwa mdakale, na sauti ya maji yakitokota ndani iliitwa malio ya kiko. Baadaye, katika miaka ya baada ya 1950, katika nchi ya Sinya karibu na Amboseli yalichimbwa mawe meupe mepesi yaitwayo meerschaum, na viko vilivyotengenezwa kwayo huko Tanganyika viliuzwa katika nchi za ng'ambo vikiwa na chapa ya Kiko. Hivyo neno la Kiswahili lilifika katika maduka ya Ulaya na Marekani likiwa limepigwa mhuri juu ya bidhaa.

UBORA HUANZA SHAMBANI

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Hakuna mchanganyaji awezaye kutengeneza tumbako njema kwa jani bovu. Anaweza kulificha tu, na kulificha ni kwa muda.

Mbegu ya tumbako ni ndogo sana, hata gramu moja ina mbegu zaidi ya 10,000. Kwa hiyo huoteshwa kwanza kitaluni, kisha miche huhamishwa shambani. Mmea ukianza kutoa maua, kichwa hukatwa ili nguvu iende katika majani, na machipukizi yatokayo baadaye huondolewa. Asiyefanya kazi hiyo kwa wakati wake hupata majani membamba yasiyo na mwili.

Mbolea nayo yataka akili. Nitrojeni ikizidi, jani huwa nene, hukawia kuiva, na moshi wake hukwaruza koo. Mbolea ya potashi husaidia jani kushika moto vizuri, lakini potashi iliyo na kloraidi huleta madhara kinyume cha hayo, maana jani lililonyonya kloraidi nyingi huvuta unyevu na kukataa kuungua. Mvutaji wa Kariokor anayewasha kiberiti mara tano kwa kiko kimoja huenda akamlaumu muuzaji, kumbe kosa lilitendeka miezi mingi nyuma, katika gunia la mbolea.

Majani hayaivi yote kwa siku moja. Ya chini huanza, nayo ni mepesi na mara nyingi yana mchanga uliorushwa na mvua. Ya katikati huwa mapana na yenye uwiano mzuri. Ya juu huwa mazito na makali. Mkulima mwenye busara huchuma machache machache kwa kadiri yanavyoiva, wala hayachanganyi. Hapo ndipo madaraja huanza, kabla hata ya banda kuwashwa moto.

KUKAUSHA NI NUSU YA KAZI

Jani moja laweza kuwa tumbako nne mbalimbali kwa jinsi lilivyokaushwa, na mnunuzi akizijua njia hizi atajua ameshika nini mkononi.

Njia ya kwanza ni ya banda lenye mabomba ya joto, ambamo moshi hauligusi jani. Joto huanzia kama digrii 35, jani likageuka manjano polepole, kisha huongezwa kwa hatua mpaka kupita 70, ili mshipa wa kati ukauke. Kazi hiyo huchukua kama siku 5 hadi 7, usiku na mchana. Jani litokalo humo ni la rangi ya limau au ya chungwa, na lina utamu wa asili, kwa sababu sukari yake haikupata muda wa kuisha. Ndiyo iitwayo Virginia, na ndiyo iliyoenea Migori na Kuria katika Kenya, na Urambo na Tabora katika Tanzania.

Njia ya pili ni ya hewa tupu. Majani hutundikwa katika banda lililo wazi kwa muda wa majuma kadhaa, yakawa ya rangi ya kahawia. Sukari yake huisha karibu yote, na jani hubaki kama sifongo, tayari kunyonya kila kitu litakachotiwa. Burley ni ya namna hii.

Njia ya tatu ni ya moshi. Moto wa kuni huwashwa chini ya majani yenyewe, yakawa meusi-meusi, mazito, yenye harufu ya kuni. Tumbako ya Songea ni ya namna hii, na ndiyo iliyokiinua chama cha ushirika cha Ngoni-Matengo, kilichoanzishwa mwaka 1936. Bunyoro katika Uganda nako kulijulikana kwa tumbako ya moshi.

Njia ya nne ni ya jua, nayo ni maarufu katika nchi za Uturuki na Ugiriki, ambako majani madogo yenye manukato hutandazwa juani.

Katika njia zote hizi kipimo kimoja ni cha lazima. Chukua jani lililokauka, ukunje mshipa wake wa kati. Ukivunjika kwa sauti kama kijiti kikavu, kazi imekwisha. Ukijipinda bila kuvunjika, bado kuna maji ndani, na maji hayo yatarudi katika jani zima na kuzaa kuvu hata kama rangi yake yapendeza kama dhahabu.

JICHO, KIDOLE, PUA NA MOTO

Na achukuliwe karani mmoja atokaye Ziwani siku ya Jumamosi, akitaka tumbako ya kiko kwa ajili ya baba yake aliye shambani. Akiuliza tu, "Mama, iliyo kali ni ipi?" amekwisha kushindwa. Muuzaji atampa iliyo kali, na hakumdanganya. Lakini akisema, "Mama, naomba niitazame kwanza," mama naye atamjibu, "Tazama, baba, macho hayalipiwi." Hapo na aanze kwa utaratibu huu.

Kwanza ni jicho. Mchanganyiko mwema una rangi mbalimbali zinazoonekana, manjano, kahawia na nyeusi, kila moja ikiwa safi. Rangi moja iliyofifia katika tumbako yote pengine ni dalili ya kulowekwa. Vikonyo na vipande vya mshipa visiwe vingi, kwa maana huungua vibaya na kuziba kiko. Vumbi chini ya mfuko laonyesha kwamba majani yalikauka kupita kiasi, kisha yakavunjika njiani. Tena vyeupe vyote si kuvu. Tumbako iliyokaa muda mrefu huweza kutoa chembe ndogo zing'aazo, na hizo hazina neno. Kuvu haing'ai, ina manyoya kama pamba, hushikamana, na hunuka kama ghala lililovuja. Tumbako ya namna hiyo haipunguzwi bei. Hutupwa.

Pili ni kidole. Finya kiasi kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha uachie. Ikibaki imeshikamana kama donge la ugali, ina maji mengi, na mnunuzi analipia maji kwa bei ya tumbako. Ikisagika kuwa unga, imekufa kwa ukavu, itaungua upesi na moshi wake utakuwa wa moto. Ikifunguka polepole yenyewe, wala isiache maji wala nta kidoleni, hiyo ndiyo iliyo sawa.

Tatu ni pua, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Nusa mara mbili. Mara ya kwanza utapata harufu iliyotiwa, kama vile asali, vanila, kakao au matunda. Iache ipite. Fungua tumbako kwa vidole, uiache hewani kidogo, kisha unuse tena. Sasa jani lenyewe litasema. Virginia njema hunuka kama majani makavu ya malisho yenye utamu kidogo, ya moshi hunuka kuni safi, na ya hewa hukaribia harufu ya karanga zilizokaangwa. Ukipata harufu ya majani mabichi, jani halikuiva au lilikaushwa kwa haraka. Ukipata harufu kali inayochoma pua kama ya zizi, halikupewa muda wa kuvundikwa na kutulia. Na ukipata mafuta ya taa, sabuni au samaki, usitafute sababu mbali, maana jani la tumbako, kama maziwa, hushika harufu ya jirani yake.

Nne ni moto. Tumbako njema hushika moto kwa viberiti viwili, cha kwanza cha kuipasha na cha pili cha kuiwasha, kisha huungua sawasawa mpaka chini. Majivu yake ni ya kijivu kinachokaribia weupe. Majivu meusi yenye vipande vigumu ni dalili ya jani lisiloungua vizuri. Maji yakijikusanya katika mrija na kulia, na kiko hakikuwa cha maji, tumbako ilikuwa mbichi au imetiwa sukari kupita kiasi. Ulimi ukiumwa kama uliochomwa na chai, huenda mvutaji mwenyewe alivuta kwa pupa, au huenda tumbako ilikuwa na unyevu uliogeuka mvuke. Kabla ya kuilaumu tumbako, kiko kisafishwe, maana kiko kichafu husema uongo juu ya kila tumbako itiwayo ndani yake.

MCHANGANYIKO ULIO SAWA

Kuchanganya tumbako ni kama kupika pilau. Mchele ndio chakula, na bizari ni za kukipa ladha. Katika kiko, Virginia au Burley huwa ndio mchele. Majani ya jua, ya moshi na mengine yenye nguvu huwa bizari. Iko tumbako ya Syria na Cyprus iitwayo Latakia, iliyofukizwa kwa moshi mpaka ikawa nyeusi. Iko na Perique, ya wilaya ya St. James huko Louisiana katika Marekani, inayoshinikizwa ndani ya mapipa na kuachwa ichachuke katika maji yake yenyewe. Zote mbili ni za thamani, na zote mbili zikizidi huharibu, kama karafuu zinavyoharibu chungu.

Basi mchanganyiko hupimwa kwa maswali haya. Je, jani moja limeyameza mengine yote? Je, ladha ya mwanzo wa kiko, ya katikati na ya mwisho zina uhusiano, au mwanzo ni sukari na mwisho ni majivu? Je, harufu iliyotiwa ikiisha, kuna kitu kinachobaki? Mchanganyiko ambao uzuri wake wote huisha baada ya dakika tano ni nguo iliyotiwa nili: ikioshwa mara moja, rangi yake ya kweli huonekana.

Hapa hapa ndipo yafaa kueleza habari ya makali. Wauzaji na wanunuzi wengi husifu tumbako kwa jinsi inavyozungusha kichwa. Katika tumbako ya kunusa, magadi huchanganywa kwa desturi, na wajuzi hujua kiasi chake. Magadi huifungua nikotini ipite upesi katika ngozi ya pua na kinywa, na mtumiaji husema, "Hii ni tumbako kweli kweli!" Lakini jani hafifu likitiwa magadi mengi laweza kupiga kichwa kuliko jani bora lililotiwa kwa kiasi. Hivyo makali peke yake hayathibitishi chochote juu ya kazi ya mkulima, wala ya mkaushaji, wala ya mchanganyaji.

MKULIMA MBELE YA MPIMAJI

Maarifa haya ni starehe kwa mvutaji, lakini kwa mkulima ni ada ya shule ya watoto. Katika Kenya wakulima wengi wa tumbako wamelima kwa mikataba. Kampuni hutoa mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo, kisha hununua jani na kukata deni lake. Bei hufuata daraja, na daraja hutamkwa mezani kwa muda mfupi kuliko ule wa kufunga kamba ya mzigo. Malalamiko ya kushushwa madaraja yamekuwa mengi, na wakulima wengi wamejikuta wamebaki na fedha kidogo sana baada ya deni kulipwa.

Mkulima hawezi kuyazuia yote hayo peke yake, lakini yako mambo yaliyo katika uwezo wake. Na achambue majani nyumbani kabla ya siku ya soko: ya chini mbali, ya katikati mbali, ya juu mbali. Kila kundi aligawe tena kwa rangi na kwa uzima wa jani. Jani moja bovu likiwekwa juu ya mzigo laweza kuushusha mzigo mzima. Asinyunyizie maji ili uzito uongezeke, kwa maana mkono wa mpimaji hutambua mara moja, na kuvu haingoji. Asimame karibu na mizani wakati wa kupimwa, aulize sababu ya daraja alilopewa, na hati zake zote azitunze. Mkulima awezaye kusema, "Bwana, mshipa huu umekauka, rangi ni ya chungwa, jani halina doa, basi limeanguka kwa sababu gani?" ni vigumu kumjibu kwa neno moja.

Kuhifadhi nako ni sehemu ya ubora. Mnunuzi wa mjini na aitie tumbako katika chupa au kopo lenye kifuniko kinachobana, mahali penye kivuli, mbali na jiko na mbali na vitunguu. Desturi ya kutia kipande cha kiazi au ganda la tunda ili kuirudishia unyevu si njema, kwa maana hualika kuvu. Kitambaa safi chenye unyevu kidogo kikiwekwa juu ya chombo kwa saa chache, pasipo kugusa majani, chatosha.

UBORA NA USALAMA NI MAMBO MAWILI

Limebaki jambo moja ambalo jicho, kidole, pua na moto haviwezi kulipima, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Tumbako iliyopita vipimo vyote hivi bado ni tumbako. Mwaka 1950 wataalamu wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walitangaza uchunguzi wao ulioonyesha uhusiano wa kuvuta sigara na kansa ya mapafu. Mwaka 1962 chama cha madaktari wakuu wa London, na mwaka 1964 mganga mkuu wa serikali ya Marekani, walitoa taarifa zilizothibitisha hatari hiyo mbele ya dunia nzima. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, tumbako huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka.

Wenye kiko wamezoea kujifariji kwamba wao hawavuti sigara. Faraja hiyo ni dhaifu. Moshi wa kiko huleta kansa ya mdomo, ya koo na ya mapafu. Maji ya kiko cha zamani hupoza moshi, lakini hayauondolei sumu. Tumbako ya kutafuna, ingawa haina moshi, huleta kansa ya kinywa, na ya kunusa nayo hubeba sumu zile zile na kumfunga mtu katika uraibu. Tena mkulima mwenyewe hudhurika, maana nikotini iliyo katika umande wa majani mabichi hupenya ngozi ya mchumaji, akashikwa na kichefuchefu na kizunguzungu. Kwa hiyo inafaa kuchuma umande ukiisha kukauka, kuvaa glavu na nguo za mikono mirefu, na kutowapeleka watoto katika kazi hiyo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 ya kudhibiti tumbako inakataza kumwuzia mtu aliye chini ya miaka 18, na inakataza kuvuta katika mahali pa watu wote isipokuwa palipotengwa. Muuzaji mwema wa Kariokor hupimwa kwa jambo hili pia: mtoto akija na shilingi mkononi akisema ametumwa na babu, hurudishwa mikono mitupu.

Tena kuna kuni. Kila banda la moto hula miti, na nchi za Urambo na Migori zimeona misitu yake ikirudi nyuma mwaka hata mwaka. Hesabu ya faida isiyoweka bei ya kuni na bei ya siku za kazi za mke na watoto si hesabu kamili.

Kwa sababu hizo wakulima wengine wameanza kuyatumia maarifa yao mahali pengine. Mwaka 2022, huko Migori, Serikali ya Kenya pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya, kilimo na chakula walikuwa wakiwasaidia wakulima wa tumbako kulima maharagwe yenye madini mengi ya chuma, na kuwatafutia wanunuzi. Mkono uliozoea kutambua jani lililokauka kwa sauti ya mshipa hautashindwa kutambua punje iliyokauka kwa sauti ya jino. Macho yaliyozoea kutenga madaraja ya rangi yatatenga maharagwe safi na yaliyotobolewa na wadudu. Ujuzi wa kupima haufi mazao yakibadilika.

Basi mzee aliyezoea kiko chake na ajue anachotia ndani yake, asilipie maji wala mchanga, wala asidhani kuwa kizunguzungu ni cheti cha ubora. Mkulima na ajue jani lake kabla mpimaji hajalishika. Na kijana ambaye bado hajaanza, akifika Kariokor na fedha yake, ataona kwamba vyondo vimefumwa vizuri, akala ni imara, na nyama iko motoni. Hivyo navyo vinataka jicho la kupima, wala havimdai mnunuzi zaidi ya bei aliyolipa.